Dakika 61

Kwenye kabati langu la vitabu hapa Chamwino kuna kaunta buku ya kwaya mbili ambayo jalada lake halina jina la somo. Ndani nimepiga mistari kwa rula, kama ya daftari la mahudhurio: tarehe, mpinzani, uwanja, dakika aliyoingia, dakika aliyotoka. Ukurasa wa kwanza ni wa msimu wa 2023/24. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30, na mechi 30 za dakika 90 ni dakika 2,700. Msimu ule mpwa wangu alicheza dakika 61.

Aliingia mara nne: dakika 9, dakika 3, dakika 31, dakika 18. Mechi zilizobaki alisugua benchi, au alikaa jukwaani na trakisuti, au alirudishwa kucheza na vijana. Sasa ana miaka 20. Ni kiungo mkabaji, namba sita, yule anayecheza katikati mbele ya mabeki. Ameniomba nisimtaje jina wala nisiitaje klabu iliyomsajili, na nitalishika neno lake. Kuandika amenikubalia, kwa sababu siku hizi haupiti mwezi sijapigiwa simu na mzazi, mara wa Bahi, mara wa Kongwa, mara wa Manyoni: "Mwalimu, kijana wangu anatakiwa Dar, tufanyeje?" Na salio lake huisha kabla sijafika penyewe.

Dada yangu mkubwa anaishi upande wa Mvumi. Mtoto wake huyu alichunga mbuzi tangu hajaanza shule, na hata alipokuja kukaa kwangu asome, kila likizo alirudi kuchunga. Wasiokulia huku wanadhani kuchunga ni kukaa chini ya mbuyu na fimbo. Mbuzi hawakupi nafasi hiyo. Kuna korongo, kuna vichaka vya miiba, kuna shamba la uwele la mtu ambaye mbuzi wako akiingia humo kesi inafika kwa mwenyekiti wa kijiji jioni hiyo hiyo. Mtoto anajifunza kutupa jicho: mbele, kushoto, nyuma ya bega, kisha anaendelea na lake. Hahesabu mmoja mmoja. Anatazama mara moja tu, anajua kuna asiyekuwepo, na anajua ni yupi.

Nilimwona akicheza chandimu alipokuwa darasa la tano. Kilichonishika hakikuwa chenga. Kabla mpira haujamfikia aligeuza shingo mara mbili, kulia na kushoto, na ulipomfikia alikuwa ameshajua pa kuupeleka. Miaka baadaye, kwenye kozi ya ukocha ya ngazi ya awali, mkufunzi alitumia nusu siku kutueleza kwamba hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kiungo, kuwa na picha ya uwanja kichwani kabla mpira haujaja. Beki ana kipa wake nyuma, winga ana mstari wa pembeni, lakini anayecheza katikati anaweza kuvamiwa kutoka upande wowote. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa nawaona mbuzi wa dada yangu.

Uwanja wetu nao ulimfundisha. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Machi au Aprili. Baada ya hapo ni ardhi ngumu kama sakafu, vumbi, upepo wa mwezi wa saba unaourudisha mpira wa juu ulikotoka, na mbigiri. Aliyecheza pekupeku Dodoma hahitaji kuelezwa mbigiri. Ukikokota mpira hatua kumi umezikanyaga tatu. Kwa hiyo unajifunza kuupokea, kuulaza na kuutoa, kwa mguso mmoja au miwili, na kuuweka chini, maana ukipanda juu ni mali ya upepo. Makocha waliomwona baadaye walisifu kasi ya pasi zake. Sisi tuliocheza naye tunajua kasi ile ilitoka wapi.

Hata hivyo alichelewa kuonekana. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ngazi ya wilaya alicheza. Kwenye mchujo wa mkoa akaachwa, mwaka uliofuata akaachwa tena. Nimewahi kuwa miongoni mwa wanaochagua, naijua kazi ile: mna siku mbili, watoto ni wengi, jua ni kali, na macho yanamkimbilia aliyefunga. Kiungo mkabaji akiwa mzuri mechi inaonekana nyepesi, na mechi nyepesi haimfanyi mtu ainue kalamu. Alionekana kwenye UMISSETA, mashindano ya sekondari, tena kwa bahati mbaya. Aliteguka kifundo mechi ya pili, akatolewa, na timu iliyokuwa inaongoza ikafungwa mabao matatu ndani ya nusu saa. Ndipo mtu mmoja jukwaani akauliza yule aliyetoka anaitwa nani.

Julai 2023, akiwa na miaka 17, tulipanda basi la alfajiri kwenda Dar. Treni ya SGR ilikuja kuanza safari za Dodoma mwaka uliofuata. Tulipokelewa vizuri mno. Kwenye meza ya hoteli kulikuwa na soda baridi, kulikuwa na mkataba wa kurasa 11 kwa Kiingereza, na kando ya mkataba kulikuwa na jezi iliyokunjwa mgongo juu, jina lake limeshachapwa. Mimi ni mwalimu, Kiingereza ninakisoma. Lakini mkataba ule niliusoma jicho moja likiwa kwenye jezi. Kijana alikaa bila kupepesa. Dada yangu alikuwa kwenye simu, kila baada ya dakika chache anauliza, "Tayari?" Nilisaini kama mlezi, chini ya jina lake. Nakala tukaambiwa tutatumiwa. Ilitufikia baada ya miezi saba.

Naumia zaidi nikikumbuka kalenda. Tangu Desemba 2022 mpaka Juni 2023 nchi nzima ilikuwa inabishania mkataba wa kiungo mmoja, Feisal Salum, Fei Toto. Yeye alitangaza kuachana na Yanga kwa kuweka fedha za kuvunja mkataba, Yanga wakasema mkataba bado uko hai, na kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wao. Jambo lilikuja kumalizika Juni, baada ya Rais Samia kuiomba Yanga ilimalize, na Feisal akaenda Azam. Leo tunamshangilia wote. Desemba 2025 kule Morocco ndiye aliyesawazisha dhidi ya Tunisia, na Taifa Stars ikavuka hatua ya makundi ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza. Lakini mwaka ule kiungo wa kiwango kile alimaliza miezi zaidi ya mitano bila kuichezea klabu yoyote, kwa sababu watu wawili walisoma kifungu kimoja kila mmoja kwa namna yake. Ubishi wa kijiweni nilikuwemo, na nilikuwa na sauti. Mwezi mmoja baadaye nikaenda kusaini kurasa 11 nikitazama jezi.

Nakala ilipofika nilikaa nayo jioni sita, na kamusi. Ulikuwa mkataba wa miaka mitatu. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa kwa zaidi ya hapo, na klabu ilichukua yote iliyoruhusiwa. Hilo sina kinyongo nalo. Ukurasa wa saba ndio ulioninyima usingizi. Fedha za usajili zilikuwa za awamu, na awamu ya pili ilitegemea acheze mechi 10 za ligi ndani ya msimu. Mstari wa chini yake ulieleza mechi ni nini: dakika 45 au zaidi. Nenda juu, zitazame tena zile mara nne alizoingia. Hakuna hata moja iliyohesabika kuwa mechi.

Jioni ile ndipo nilipochukua kaunta buku nikachora mistari.

Alikuwa ananipigia usiku, baada ya mechi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Za huko?"

Kisha kimya. Nasikia feni ya chumbani kwake.

"Leo sikuingia."

"Vumilia."

Neno hilo nililisema mwaka mzima, na nililisema kwa nia njema. Mbele yake walikuwepo namba sita wawili, mmoja anachezea timu ya taifa ya nchi yake, mwingine amekaa kwenye ligi karibu miaka kumi. Hakuna aliyemwonea. Timu inayosaka ubingwa haiwezi kumpa mtoto namba sita ili ajifunzie hapo. Winga akinyang'anywa, mpira umepotea pembeni. Namba sita akinyang'anywa, kipa anaokota mpira wavuni. Kocha yeyote angefanya vile vile. Ndiyo maana swali la nani yuko mbele yako, ana miaka mingapi, anaondoka lini, lilipaswa kuulizwa mezani pale kabla sijashika kalamu. Mimi niliuliza kama watampa chumba chenye feni.

Zile dakika 31 nilizitazama kwenye kibanda umiza, kibanda cha kulipia kuona mpira, watu wamejaa mpaka dirishani kwa ajili ya mtoto wa nyumbani. Alipoingia walipiga kelele mpaka bati likatetemeka. Mimi nilikuwa naitazama shingo yake. Haikugeuka. Mpira ukija, macho yako kwenye mpira. Ukienda, macho yako kwa kocha. Alinyang'anywa mara mbili na mtu aliyetokea nyuma yake, mtu ambaye alipokuwa na miaka 12 asingemkaribia. Waliokaa karibu nami walisema ni uoga tu, atazoea.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hofu ambayo sikumwambia mama yake. Kijana alikuwa na nguvu kuliko zamani, mapaja yamejaa, anakimbia kilomita bila kuhema. Mazoezi yalimpa vyote hivyo. Kugeuza shingo katikati ya watu wanaokutafuta hakuko kwenye gym, na hata mazoezi na wenzako hayatoshi, kwa kuwa mwenzako wa mazoezini hakuvamii kwa uchungu wa pointi tatu. Kunatunzwa na mechi. Mtoto alifika Dar na kipaji hicho, na kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo huku sisi tunamwambia avumilie.

Nusu ya kwanza ya msimu wa 2024/25 ukurasa wake ni mtupu. Tarehe nimeandika, wapinzani nimeandika, safu ya dakika ni sifuri kutoka juu mpaka chini.

Dirisha dogo la usajili la Januari 2025 timu ya kanda hii ya kati ikamwomba kwa mkopo. Nyumbani tuligawanyika. Shangazi yake alilia kabisa, akisema mtu hatoki Dar kurudi huku isipokuwa ameshindwa. Jirani aliyekuwa anatutembelea kila Jumapili tangu kijana asajiliwe hakuja tena. Mimi nilimwambia mpwa wangu habari za Novatus Dismas. Alikuwa mchezaji wa Azam, akatolewa kwa mkopo kwenda Biashara United ya Musoma, na hakuna aliyeimba nyimbo siku anapanda basi la Mara. Baadaye akaenda Israel, akaenda Zulte Waregem ya Ubelgiji, na akiwa na miaka 21 akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk. Kisha Göztepe ya Uturuki. Mara kiungo mkabaji, mara beki wa kushoto. Ukifuata njia yake kwenye ramani utaona anakwenda kila mahali isipokuwa benchi.

"Kwa hiyo niende?" aliniuliza.

"Wamesema namba sita wao ni nani?"

"Ameumia goti. Msimu umeisha kwake."

"Nenda. Na ukifika, kamsalimie."

Mechi ya kwanza alicheza dakika 58, akapata kadi ya njano, akatolewa miguu imeshikwa na mkakamao. Ya pili akamaliza 90. Mpaka Mei daftari lilikuwa na dakika 874, na kati ya Machi na Aprili, sitaki kuongeza chumvi, shingo ilirudi. Nilikuwa naiona kwenye runinga hata kabla mtangazaji hajamtaja.

Katikati ya hayo, Februari 2025, basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likirudi kutoka Ruangwa kucheza na Namungo, na wachezaji wakaumia. Kijana wetu hakuwa kwenye basi lile, lakini jioni ile alikuwa barabarani na yeye, na simu yake haikupatikana kwa saa tatu. Dada yangu hajasahau zile saa tatu. Sisi huku tunaona dakika 90 za Jumamosi. Hatuoni basi la kutoka Dodoma mpaka Bukoba, au kutoka Mbeya mpaka Lindi, na kijana wa miaka 19 amelala ameegemea kioo, kesho kutwa acheze.

Fedha nitazisema kwa ufupi, maana ndizo wengi huulizia kwanza. Ile awamu moja ya usajili ilinunua tangi la maji la lita 2,000 kwa mama yake, bati za vyumba viwili, na kulipa ada ya mdogo wake. Iliyobaki ilikwenda kwa ndugu, kwa maombi madogo madogo ambayo ukiyajumlisha si madogo. Mshahara ulichelewa mara moja tu. Lakini mzazi ajue kwamba mishahara ya miezi miwili ikipita haijalipwa, kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuiandikia klabu notisi ya siku 15, na isipolipa anaweza kuvunja mkataba kwa haki. Kwa maandishi. Kulalamika kwa wenzake kambini hakuhesabiki.

Na kuna jambo jingine lililonipata kwenye zile jioni sita, ambalo walimu wenzangu wa michezo wangelijua mapema tusingekuwa hapa. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya fedha ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea: asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15, na asilimia 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Klabu, siyo shule. Miaka yote aliyokimbia kwenye mbigiri zetu haipo kwenye kumbukumbu yoyote, na akiuzwa kesho hatutapata hata mpira mmoja. Kwa hiyo mwaka jana tuliandikisha timu ya watoto kwenye chama cha soka cha wilaya. Katiba tuliiandika siku mbili. Vyeti vya kuzaliwa vilituchukua miezi minne, na kwa mtoto mmoja mpaka leo tunafuatilia.

Mwezi wa kumi na moja dada yangu alikubali kuja uwanja wa Jamhuri kumwona mwanawe. Miaka yote alikataa; alisema hawezi kukaa akitazama watu wanamkata mtoto miguu. Tulikaa upande wa jua kwa sababu tulichelewa, yeye na khanga yake kichwani na chupa ya maji mkononi. Nilikuwa nimebeba daftari. Dakika 20 za kwanza niliweka alama ya kalamu kila alipogeuza shingo kabla ya kupokea mpira. Zilifika 34. Mipira yenyewe aligusa kama kumi na tano tu: pasi fupi kwa beki, pasi fupi kwa winga, mmoja aliunasa mbele ya mshambuliaji wao akautoa haraka kana kwamba ulikuwa wa moto. Hakuna aliyepiga makofi kwa lolote katika hayo. Mara moja tu jukwaa liliguna, alipoacha kumfuata mtu mwenye mpira akasogea hatua nne kushoto, pasi ikaja pale pale aliposogea, akaichukua. Mzee aliyekaa mbele yetu alimgeukia mwenzake akasema, "Huyu kaijuaje?"

"Mwalimu," dada yangu aliniita, "mwanangu ni yupi? Wote wamenyoa sawa."

"Yule anayegeuza shingo."

Alimtafuta kitambo, kiganja juu ya macho. Akampata. Akakaa anamtazama, hafuati mpira, anamfuata yeye tu, kulia, kushoto, nyuma ya bega.

"Anahesabu," alisema.

Hadi ninapoandika, safu ya msimu huu ina dakika 803. Mkataba wake na klabu iliyomsajili unaisha Juni 30, 2026, na ndani ya miezi sita ya mwisho anaruhusiwa kuzungumza na timu nyingine na hata kusaini. Simu zimeanza kuja, kwangu kwanza, kwa kuwa amewaambia wote wapitie kwa mjomba. Wiki iliyopita walipiga watu wawili, wote wa timu kubwa, wote wakianza na dau. Niliwaacha wamalize, kisha nikawauliza maswali yale yale: namba sita wenu ana umri gani, mkataba wake unaisha lini, na je, tunaweza kupata rasimu kwa Kiswahili tukae nayo wiki mbili nyumbani?

Wa kwanza alisema vijana wengi wanaitaka nafasi hiyo, akakata. Wa pili alinyamaza kidogo, akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mzazi, na kwamba atamuuliza kocha halafu atanipigia. Leo ni siku ya nne. Simu naiacha na chaji hata nikiwa darasani.